Aliyeruka: usaliti na ushujaa katika kitabu « Lord Jim »

Mataifa yote ya dunia yanachukia usaliti na kusifu ushujaa. Hakuna kabila linalotunga nyimbo za kumsifu mtu aliyewaacha wenzake hatarini. Lakini tukiuliza zaidi: wenzangu ni nani? Ahadi yangu inanifunga mbele ya nani? Hapo majibu yanaachana. Wengi wanasema kwa kinywa ya kwamba ahadi ni deni, lakini moyoni wamekwisha kuchagua watu wa kulipwa deni hilo na watu wa kunyimwa.

Kitabu kimoja cha habari za bahari kinachunguza neno hili kwa makini sana. Jina lake ni « Lord Jim », maana yake Bwana Jim. Kiliandikwa kwa Kiingereza na Joseph Conrad, kikatoka kidogo kidogo katika gazeti la Uingereza kati ya Oktoba 1899 na Novemba 1900, kisha kikatolewa kama kitabu kizima mwaka ule wa 1900. Tutaeleza kwanza mwandishi ni nani na jambo la kweli alilolitumia. Kisha tutafuata hadithi yenyewe, na mwisho tutapima: katika watu hawa wa mataifa mbalimbali, nani alisaliti, na nani alikuwa shujaa kweli?

1. Mwandishi

Conrad hakuzaliwa Mwingereza. Alikuwa Mpolandi, jina lake la kwanza Józef Konrad Korzeniowski, akazaliwa tarehe 3 Desemba 1857 katika mji wa Berdyczów, ambao siku hizi umo katika inchi ya Ukraine. Wakati ule Poland haikuwa na serikali yake. Wafalme wa inchi jirani walikuwa wameigawanya. Baba yake, mshairi, alifanya shauri la kuikomboa, akakamatwa na Warusi, akapelekwa mbali uhamishoni pamoja na mke wake na mtoto wao mdogo. Mama alikufa mwaka 1865, baba akafa mwaka 1869. Mtoto akabaki yatima mwenye umri wa miaka kumi na moja.

Mwaka 1874 alikwenda Marseille, Ufaransa, akawa baharia. Nyuma akaingia katika merikebu za Waingereza, na mwaka 1886 akapata uraia wa Uingereza na cheti cha ukapiteni. Basi, huyu alikuwa mtu aliyeiacha inchi ambayo wazazi wake waliifia. Tusishangae akiandika tena na tena juu ya mtu aliyeruka kutoka chombo chake.

Sisi wa Kongo tunalo neno letu pamoja naye. Mwaka 1890 alifika huku kwa kazi ya kampuni moja ya Wabelgiji. Alitembea kwa miguu toka Matadi mpaka Kinshasa, akapanda mto katika merikebu « Roi des Belges » mpaka Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Akarudi Ulaya mgonjwa, na moyo wake umechafuka kwa mambo aliyoyaona. Safari ile ilizaa hadithi « Heart of Darkness », iliyotoka mwaka 1899 katika gazeti lile lile. Msimulizi katika vitabu vyote viwili ni mmoja: kapiteni Marlow.

2. Jambo la kweli: merikebu « Jeddah »

Hadithi ya Jim haikutoka hewani. Mwezi wa Julai 1880 merikebu ya moshi iliyoitwa « Jeddah » iliondoka Singapore, ikapitia Penang, ikielekea Bara Arabu. Ilichukua karibu mahujaji elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, waliokuwa wakienda Maka. Karibu na rasi ya Guardafui, kwenye pembe ya Somalia, ilipatwa na dhoruba kali, maji yakaingia. Tarehe 8 Agosti kapiteni na maofisa wake karibu wote waliingia katika mashua usiku, wakawaacha abiria wao. Merikebu nyingine iliwaokota, ikawapeleka Aden. Huko wakatangaza ya kwamba « Jeddah » imezama na watu wote wamekufa.

Siku moja nyuma, « Jeddah » ikaingia bandarini Aden, ikivutwa na merikebu nyingine. Haikuzama. Mahujaji walikuwa hai.

Aibu ile ilienea katika bandari zote za mashariki, hata London. Baraza la uchunguzi likamnyang'anya kapiteni cheti chake kwa miaka mitatu. Ofisa wa kwanza, Augustine Williams, mtoto wa mchungaji Mwanglikana, alirudi Singapore, akafanya kazi ya karani wa duka la vifaa vya merikebu mahali pale pale walipojua habari yake. Conrad alifika Singapore mwaka 1883, mambo yale yangali yakisimuliwa. Alichukua kisa hiki, akabadili majina, akaingia ndani ya moyo wa yule ofisa.

3. Usiku wa « Patna »

Katika kitabu, merikebu inaitwa « Patna ». Ni chombo kizee kilicholiwa na kutu. Mwenyewe ni Mchina, aliyeikodi ni Mwarabu, kapiteni ni Mjerumani aliyeikana inchi yake, maofisa ni Waingereza, washika usukani ni Wamalei, abiria ni mahujaji Waislamu mia nane. Dunia nzima imo katika chombo kimoja.

Jim ni ofisa wa kwanza. Ni kijana mwenye afya, mtoto wa mchungaji. Tangu utoto alisoma vitabu vya mabaharia hodari, akajiona mwenyewe katika ndoto zake akiokoa watu katika dhoruba. Kila mara anangoja siku kubwa itakayomwonyesha kuwa shujaa.

Siku ile inakuja, lakini si kama alivyoiota. Bahari imetulia kama mafuta. Usiku merikebu inapita juu ya kitu fulani chini ya maji. Mshtuko ni mdogo, watu hawaamki. Jim anashuka na taa, anaona chumba cha mbele kimejaa maji, na ukuta wa chuma unaoyazuia umekwisha kwa kutu, unatetemeka. Mashua ni saba tu kwa watu mia nane. Fikira zake, ambazo zamani zilimwonyesha sifa, sasa zinamwonyesha watu mia nane wakipigania mashua saba.

Hapo pana jambo dogo ambalo msomaji asilipite mbio. Hujaji mmoja anamshika Jim gizani, anarudia neno moja: maji. Jim anadhani mtu huyu amejua hatari na atawaamsha wengine. Anampiga kwa taa usoni. Kumbe mtu yule ana mtoto mgonjwa, anaomba maji ya kunywa. Jim anamtupia chupa yake ya maji, anakimbia. Hofu ilikuwa imekwisha kumwondolea masikio.

Kapiteni na mafundi wa mashine wanashusha mashua kwa siri. Jim hawasaidii, anasimama kando, anawadharau. Wingu la dhoruba linakaribia. Wale walio katika mashua wanamwita mwenzao mmoja aruke, bila kujua ya kwamba amekwisha kufa kwa moyo palepale juu ya merikebu. Jim anasikia mwito ule, na mara anajikuta chini, katika mashua, pamoja na wale aliowadharau. Akisimulia nyuma, hawezi kusema namna gani alivyoruka. Anajua tu ya kwamba ameruka.

Merikebu haikuzama. Manowari ya Wafaransa iliikuta, ikaivuta mpaka Aden.

4. Baraza, na hukumu za mataifa

Kapiteni anakimbia kabla ya baraza. Mafundi nao hawafiki mbele ya waamuzi. Jim peke yake anasimama. Hii ni heshima yake ya kwanza, tusimnyime. Lakini tuwasikilize wale wanaomzunguka, kwa sababu Conrad amewaweka kama vioo, kila kimoja kikionyesha upande mmoja.

Kuna kapiteni Brierly, Mwingereza, mmoja wa waamuzi. Ni mtu asiyeshindwa kamwe, mwenye sifa na zawadi. Yeye anataka Jim atoroke tu, alipiwe hata fedha, kusudi aibu ya mzungu isisikiwe mbele ya wenyeji. Kwake usaliti mkubwa ni kuwaaibisha watu wa kazi yake. Mahujaji hawamsumbui usingizi. Lakini muda mfupi baada ya hukumu, Brierly mwenyewe anajitupa baharini. Conrad haelezi sababu wazi. Anatuachia tukisie ya kwamba mwamuzi alikuwa akijihukumu mwenyewe.

Kuna Wamalei wawili waliokuwa kwenye usukani. Wazungu walipokimbia, wao walibaki wameshika gurudumu. Wanaulizwa barazani: mlifikiri nini? Mmoja anajibu ya kwamba hakufikiri kitu. Wa pili, mzee, anaeleza ya kwamba hakuweza kudhani wazungu wanakimbia kifo kwa woga; alidhani wanayo sababu ya siri. Wengine wamesoma neno hili kama ujinga wa watumishi. Sisi tunasoma namna nyingine. Mzee huyu amefanya kazi baharini miaka mingi, anataja majina ya makapiteni na vyombo vya zamani. Yeye alishika ahadi ambayo wakubwa wake waliitupa, na katika imani yake hakuweza hata kuwafikiria mabaya. Hakuna shtaka kali kuliko hili.

Tena kuna luteni Mfaransa, mzee mwenye makovu. Yeye ndiye aliyepanda « Patna » ilipovutwa, akakaa ndani yake saa thelathini, huku katika manowari watu wamesimama na mashoka tayari kuzikata kamba kama itazama. Anaisimulia habari hii pasipo kujisifu. Anachokumbuka kwa uchungu ni kwamba chakula chake cha jioni hakikuwa na divai. Huyu anakiri ya kwamba kila mtu anaogopa, na anayesema haogopi anadanganya. Lakini juu ya heshima iliyopotea, hana la kusema. Kwake woga si dhambi. Kuondoka mahali pako ndiyo dhambi.

Jim ananyang'anywa cheti chake. Anakuwa karani katika bandari moja, kisha nyingine. Kila mahali, jina la « Patna » likitajwa tu, anaacha kazi, anakwenda mbali zaidi upande wa mashariki.

5. Patusan

Marlow, aliyemhurumia, anamwomba msaada Stein, tajiri wa Kijerumani anayekusanya vipepeo. Stein anampeleka Jim Patusan, inchi ya Wamalei ndani ya mto, mbali na njia za merikebu. Hapa nusu ya pili ya kitabu inaanza, nayo inaongozwa na kitu kimoja kidogo: pete ya fedha.

Zamani Stein alipigana vita pamoja na Doramin, mkubwa wa Wabugisi waliohamia Patusan kutoka Celebes. Walipoachana, Doramin alimpa Stein pete hiyo, na Stein alimpa Doramin bastola mbili nzuri. Sasa Stein anamkabidhi Jim pete. Anayekuja na pete ni rafiki. Nyumba ya Doramin itamlinda. Watu wa kwetu wanaelewa desturi hii bila maelezo marefu. Urafiki wa namna hii si maneno ya hewa. Ni agano, nalo lina shahidi mkononi.

Jim anakamatwa kwanza na Rajah Allang, anayewanyonya watu. Anaruka ukuta wa miti, anaanguka katika matope, anatoka, anafika kwa Doramin na pete yake. Mruko wa kwanza ulimtenga na watu; mruko wa pili unamleta kwao. Anawaongoza Wabugisi kupandisha mizinga juu ya mlima usiku, wanamshinda Sherif Ali aliyekuwa akiwatesa. Watu wanamwita Tuan Jim, yaani Bwana Jim. Wanamletea mashauri yao, na neno lake linatosha.

Rafiki yake ni Dain Waris, mwana wa pekee wa Doramin, kijana hodari mwenye akili. Mtumishi wake ni Tamb' Itam, asiyeondoka ubavuni pake. Tena kuna mwanamke anayempenda, Jim anamwita Jewel. Mama yake na bibi yake waliachwa na wanaume weupe; naye anaogopa ya kwamba huyu pia ataondoka siku moja. Jim anamwapia ya kwamba hatamwacha.

6. Brown

Kisha mnyang'anyi mmoja wa bahari, Brown, Mwingereza, anaingia mtoni pamoja na wenzake, wenye njaa. Jim hayupo. Dain Waris anaongoza vita, anawafungia kilimani. Jim anaporudi, anakwenda kuzungumza na Brown, mto mdogo kati yao.

Brown hajui habari za « Patna ». Lakini mwovu ana pua ya kunusa kidonda. Anamwuliza Jim yeye alikimbia nini mpaka akafika huku. Anasema ya kwamba mtu akiwa gizani akiokoa maisha yake, hahesabu wengine wangapi wanapotea. Kila neno linamchoma Jim kama mkuki. Anajiona mwenyewe upande wa pili wa maji.

Jim anawashauri wakubwa wa Patusan wamwache Brown aondoke salama. Anasema: likitokea baya, yeye atalijibu kwa uhai wake. Wanakubali. Anampeleka Tamb' Itam kwa Dain Waris, anayelinda chini ya mto, amwambie awape njia; na kama alama ya kweli, anampelekea pete ya fedha. Dain Waris anaivaa kidoleni.

Usiku ule Cornelius, baba wa kambo wa Jewel, anayemchukia Jim, anamwongoza Brown kwa njia ya maji ya nyuma. Brown anawapiga risasi watu wa Dain Waris kwa ghafula, si kwa lazima, ila kwa kulipiza kisasi. Dain Waris anakufa na pete kidoleni. Tamb' Itam anamwua Cornelius, anakimbia kumletea bwana wake habari.

Jewel na Tamb' Itam wanamsihi Jim apigane au akimbie. Anakataa. Anakwenda bila silaha kwa Doramin aliyeketi mbele ya maiti ya mwanawe, bastola mbili magotini. Mzee anaposimama, pete inaanguka, inajiviringisha mpaka mguuni pa Jim. Doramin anampiga risasi kifuani.

7. Tupime

Je, kifo hiki ni ushujaa? Majibu ni matatu, na kila moja lina mwenyewe.

Kwa sheria ya agano, ndiyo. Jim alitoa neno, neno likashindwa, akalipa. Usiku wa « Patna » aliruka. Siku ile ya Patusan njia ya kuruka ilikuwa wazi, akabaki. Mbele ya Doramin hakutafuta udhuru wala hakusema « mimi ni mzungu ». Alihukumiwa kwa sheria ya wenyeji wake, akaikubali.

Kwa Jewel, hapana. Kwake Jim ni msaliti kama wanaume wengine. Alimwapia, kisha akamwacha, kusudi aoane na ndoto yake ya zamani ya ushujaa. Conrad hakuyaweka maneno ya mwanamke huyu ili tuyapuuze.

Kwa watu wa Patusan, jibu ni zito zaidi. Damu ya Jim haikumfufua Dain Waris. Mji ulipoteza mlinzi wake na mrithi wa mkubwa wake siku moja.

Sisi tunasema hivi. Katika « Patna » Jim alisaliti kweli, maana watu mia nane walilala kwa kuwa yeye alikuwa macho. Mbele ya Brown hakusaliti. Alikosa katika kuhukumu. Wasaliti walikuwa Brown na Cornelius. Lakini kosa la Jim lina mzizi katika mruko wa kwanza: alimhurumia Brown kwa sababu alijihurumia mwenyewe, akamlipa kwa usalama wa wengine. Huruma ni njema. Lakini aliyekabidhiwa watu hana ruhusa ya kutoa kama sadaka kitu kisicho chake. Angeweza kuwanyang'anya Brown na wenzake silaha kabla ya kuwaachia njia, hakufanya hivyo.

Basi mashujaa wa kitabu hiki ni nani? Tukitazama vizuri, ni wale wasioota ushujaa: mzee Mmalei kwenye usukani, luteni anayelalamika juu ya divai, Dain Waris aliyetii alama ya rafiki yake, Tamb' Itam aliyepiga kasia kwa nguvu zake zote ili kuleta habari mbaya. Mmalei, Mfaransa, Mbugisi, mtumishi. Ushujaa hauna kabila. Ni kubaki mahali pako wakati wengine wanakutegemea, hata kama hakuna anayekuona.

8. Upungufu wa kitabu

Inafaa tuseme pia yale yanayokosa. Mwaka 1975 mwandishi Chinua Achebe wa Nigeria alimlaumu Conrad kwa nguvu kwa sababu ya « Heart of Darkness »: Waafrika wa kitabu kile hawana majina, na karibu hawana maneno. Katika « Lord Jim » Wabugisi wana majina, wana fikira, wana heshima. Lakini mahujaji mia nane? Tunaona miili yao imelala, tunasikia mmoja akiomba maji, halafu wanapotea katika habari. Maofisa wanatafuta kujua kama Jim ameipoteza heshima yake. Hakuna anayekwenda kuwauliza mahujaji namna gani walivyoamka asubuhi ile, wakaona wakubwa wa chombo hawapo. Katika baraza ambalo lingekuwa lao, hawakupewa kiti.

Hata hivyo Conrad mwenyewe ametupa njia ya kuliona pengo hili. Katika kurasa za mwisho kuna rafiki wa Marlow aliyeshikilia ya kwamba kujitoa kwa ajili ya watu wa rangi nyingine ni bure, ila mtu akiwa anafanya kazi kwa ajili ya maendeleo ya taifa lake. Marlow anampelekea huyu mtu habari ya kifo cha Jim, pasipo kubishana naye. Habari yenyewe ni jibu. Jim alikufa kwa ajili ya neno alilowapa watu wasio wa taifa lake, na neno lile lilikuwa na uzito sawasawa.

Kitabu hiki kimetafsiriwa kwa Kifaransa tangu mwaka 1922, na anayeweza akisome. Si chepesi, habari inakwenda mbele na kurudi nyuma, msimulizi anakatizwa na msimulizi mwingine. Msomaji asichoke. Akifika kwa yule hujaji anayeomba maji gizani, asimame kidogo. Mtu yule hakutaka shujaa. Alitaka mtu mwenye zamu, asikie neno moja analoambiwa, naye alipigwa taa usoni. Wale wote wanaojitayarisha kukabidhiwa watu, hata wakiwa wachache, wataona hapo ya kwamba usaliti wa Jim ulikuwa umeanza kabla ya kuruka.